Kujifunza kusuka ukili: darasa lianze kwenye mkindu, si kwenye chane zilizokwisha kuchanwa

Mleta uzi

Wanajukwaa, assalaam alaykum, na habari za leo kwenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa ususi wa ukili, yaani utepe wa majani yaliyosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, kwa mwaka wa pili sasa, katika kikundi cha akina mama kinachokutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri kwenye baraza la nyumba moja, Mkoa wa Kusini Unguja. Nimeona madarasa ya namna hii yanazidi kuanzishwa, vijijini na mijini, na baadhi ya wanaoyaandaa wameniuliza yapangwe vipi. Jibu langu ni moja, nami naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu: mwanafunzi aanze na jani lenyewe tangu linapokatwa, na kusuka kuje baadaye, hata kama wanafunzi wana hamu ya kusuka siku ya kwanza.

Mimi mwenyewe nilianza kwa njia nyingine. Nilihudhuria mafunzo ya siku tatu yaliyofanyika ukumbini. Tulipoingia tulikuta chane, yaani vipande vyembamba vya majani yaliyochanwa, zimepangwa mezani kwa mafungu, zimekwisha kutiwa rangi, zote zina upana mmoja. Siku ya kwanza tulijifunza kupishanisha chane, siku ya pili tukasuka ukili, siku ya tatu kila mmoja akashona kitanga chake (mkeka mdogo) na kupewa cheti. Nilirudi nyumbani nimefurahi kweli. Wiki mbili baadaye nilinunua ukindu, yaani majani ya mkindu, sokoni ili niendelee peke yangu, nikagundua kwamba sijui lolote. Chane zilinivunjikia mkononi, nyingine zilikuwa nene kama utepe na nyingine nyembamba kama uzi, na ukili nilioupata ulipinda kushoto, kisha kulia, usingeweza kushonwa na ukili mwingine wowote. Katika wenzangu wa darasa lile ninaowafahamu, hakuna hata mmoja anayesuka leo.

Nilipojiunga na kikundi hiki, Bibi anayetufundisha hakunipa chane. Alinipa kisu, akaniambia nifuatane na wajukuu zake porini.

Kwa wasioufahamu, mkindu ni mtende wa porini. Huota kwa kichaka, mashina kadhaa yakitoka mahali pamoja, na hupenda mahali penye unyevu. Jani linalotafutwa ni lile changa la katikati, ambalo bado limejifunga na kusimama wima kama mkuki. Likishafunguka na kupigwa na jua, hukolea kijani na kukakamaa, halifai tena kwa mkeka mzuri. Ukataji wenyewe una adabu yake. Kila shina la mkindu lina kitovu kimoja tu cha kuotea; ukikata chini mno ukakijeruhi, shina hilo limekufa. Bibi hukata jani moja katika shina, kisha huliacha shina hilo mpaka jani jingine lifunguke, na katika kila kichaka huyaacha mashina mengine bila kuyagusa. Mtu aliyekuta chane mezani atayajuaje haya? Atanunua tu, na anayemuuzia atakata tu, mpaka siku watakapotembea mwendo wa saa nzima kuufikia mkindu.

Baada ya kukata tulikwanyua majani kutoka kwenye kuti na kuyaanika. Katika kikundi chetu huchukua siku tatu hadi tano za jua kali, mpaka rangi ya kijani itoke na jani libaki jeupe lenye umanjano kidogo. Nilidhani kuanika ni kazi ya jua. Nikaambiwa kwamba kuanika ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni kuanua, kwa sababu jani lililolala nje na kunywa umande hutoka madoadoa. Wiki yangu ya pili nilichelewa kuanua siku moja tu. Bibi aliliokota jani moja asubuhi yake, akaligeuza upande wa ndani, akanionyesha vidoa vyeusi vidogo kama vya kalamu ya wino, kisha akaniwekea fungu zima pembeni nilitumie kujifunzia kuchana. Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Katika kuchana ndiko mwanafunzi anakokata tamaa, na ndiko ninakotaka madarasa yakae zaidi. Unaondoa uti wa jani, kisha unachana kwa ncha ya kisu kidogo au kwa ukucha wa kidole gumba, ukifuata nyuzi za jani zenyewe. Kidole kikilazimisha, jani hukatika mshazari na chane inaharibika. Kidole kikifuata, jani hujichana lenyewe hadi mwisho kwa sauti nyororo, na baada ya muda unaanza kuitambua sauti hiyo hata ukiwa unazungumza na mwenzako. Nilichana kwa wiki sita kabla ya kupata fungu moja ambalo Bibi alilikubali.

Kisha kuna suala la maji. Chane kavu huvunjika, kwa hiyo hunyunyizwa maji na kufunikwa kwa kanga yenye unyevu. Lakini chane iliyolowa sana huvimba. Ukiisuka ikiwa imevimba, itanywea ikikauka, na ukili wako utabaki na matundu yanayopitisha mwanga. Kwenye mafunzo ya ukumbini maji haya yalikuwa yametiwa na mtu mwingine alfajiri, kabla hatujafika.

Kusuka kwenyewe sitakueleza kwa maneno mengi, kwa kuwa hakuelezeki kwa maneno. Unaanza na moja juu moja chini, halafu mbili juu mbili chini, na kila chane inapokaribia kwisha unachomeka mpya chini yake ili ukili usipungue. Nitataja tukio moja tu. Siku moja nilimpelekea Bibi bunda la ukili lenye pima saba (karibu mita 13), nikitarajia sifa. Hakulitazama. Aliendelea kuzungumza na jirani yake huku akiupitisha ukili wote baina ya kidole gumba na cha shahada, polepole, mpaka kidole kikasimama. Hapo, katika pima ya tatu, nilikuwa nimesahau kuongeza chane moja, na upana ulikuwa umepungua kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona hata baada ya kuonyeshwa. Akaufumua kuanzia hapo hadi mwisho, bila hasira, akanirudishia pima mbili na kitu. Alisema kwamba ukili ukipungua katikati, mkeka huota tumbo, hautandikiki.

Kwa wale wanaotaka kupanga ratiba kwa hesabu, nawapa hesabu. Vipimo vyetu ni vile vya wazee: shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, na wari mbili ni pima, ambayo ni kama mita 1.8. Chukua mkeka wa mtu mmoja, urefu pima moja na upana wari moja. Ikiwa ukili wako una upana wa sentimita 4, utahitaji mistari 23, yaani pima 23 za ukili, karibu mita 42, bila kuhesabu kinachopotea kwenye kushona na kupinda. Mwanafunzi anayesuka robo pima kwa Jumamosi moja atahitaji Jumamosi 92. Ndiyo maana wenzetu husuka kila siku, wakizungumza, wakichunga mtoto, wakisubiri wali uive. Darasa ni mahali pa kuonyeshwa na kusahihishwa; kazi inafanyika nyumbani.

Jambo la mwisho ni malipo ya mwalimu. Katika yale mafunzo ya siku tatu, mama aliyetufundisha alitambulishwa kwetu kama "bibi wa kijijini", akapewa kanga na nauli, ilhali mwezeshaji aliyesimama karibu naye akirudia maneno yake alilipwa posho ya siku zote tatu. Liliniuma nilipolijua, na linaniuma hadi leo. Anayejua tofauti ya jani lililokunywa umande na lisilokunywa ndiye mtaalamu katika darasa hilo, naye alipwe kama mtaalamu.

Ninawakaribisha wenye uzoefu waongeze, na wanaoona nimekosea wanisahihishe.

Mchangiaji kutoka Pemba

Wa alaykum salaam, dada. Umesema kweli tupu kuhusu kuchana. Mimi nililelewa ndani ya ukili, mama yangu alitusomesha kwa mikeka, na ninathibitisha kwamba hakuna mtoto aliyepewa kusuka kabla ya kujua kuchana.

Naomba niongeze kuhusu rangi, kwa kuwa hukuigusa. Siku hizi wengi wetu tunachemsha chane kwa rangi ya unga ya dukani, na sioni aibu kusema hivyo, maana inakolea na wanunuzi wanaipenda. Lakini darasa likiwa na nafasi, wafundishwe na zile za zamani. Mizizi ya mdaa hutoa rangi nyeusi, manjano hutoa rangi ya njano, na mbegu za mzingifuri hutoa wekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Rangi hizi zina tabia zake. Manjano hupauka upesi juani, kwa hiyo mkeka wake ni wa ndani. Mwanafunzi akichemsha mwenyewe ndipo atakapoelewa kwa nini mama zetu walitia rangi kwenye chane chache tu, zile za kutolea nakshi, na nyingine wakaziacha nyeupe.

Pia usisahau kwamba si kila kitu ni ukindu. Mkindu ni laini, unafaa mkeka wa kulalia na msala. Kwa majamvi, makapu na mashupatu ya kuwambia vitanda tunatumia miyaa, yaani majani ya mkoma, ambayo ni migumu zaidi. Darasa lichague moja kwanza. Nimewahi kuona watu wakifundishwa yote mawili kwa siku moja, na mikono ya wanafunzi ikachanganyikiwa.

Mchangiaji kutoka Kitui

Hamjambo. Huku kwetu Ukambani tunasuka vyondo (vikapu vya kubebea), si mikeka, lakini nimesoma habari ya mleta uzi kana kwamba inanihusu mimi.

Katika kiondo, kazi inayolingana na kuchana kwenu ni kusokota uzi. Nyuzi za mkonge zikishaparwa na kukaushwa, mama huzisokota juu ya paja lake kwa kiganja, nyuzi mbili kwa mpigo, mpaka zipatane na kuwa uzi mmoja. Zamani nyuzi zilitoka pia kwenye gome la mbuyu. Kikundi chetu kiliwahi kupokea vijana waliotaka kujifunza, nasi tukawanunulia uzi wa dukani ili kuwarahisishia. Walijua kuzungusha kitako cha kiondo ndani ya siku chache, na tulijivunia. Lakini uzi wa dukani ulipokwisha, na wao wakaisha. Tulipoanza tena na kundi jingine, tuliwaketisha wasokote tu kwa mwezi mzima, na nusu yao wakaondoka. Ile nusu iliyobaki wanasuka mpaka leo, na wawili kati yao sasa wanawafundisha wengine. Kwa hiyo nakubaliana nawe kabisa, ila waandaaji wajue kwamba idadi ya wanafunzi itapungua, na wasiogope kuandika hivyo kwenye ripoti zao.

Neno moja kuhusu asili. Kuna wanaotuambia kwamba kiondo cha kweli ni cha mkonge pekee. Mkonge wenyewe ni mgeni. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida, na katika miche elfu moja aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai; miaka kama kumi baadaye ndipo ukafika Kenya. Bibi zetu waliuona, wakaujaribu kwenye paja, wakaukubali. Mimi naona asili iko katika mkono unaosokota.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa. Mimi ni kijana wa kiume, ninaishi mjini, sina mkindu wala bibi wa kunionyesha, na nina hamu ya kujifunza. Je, mwanamume anaruhusiwa katika vikundi hivi? Na mtu wa mjini aanzie wapi ikiwa hawezi kufika porini? Tena nauliza kwa nia njema: kwa nini tusisuke kwa kamba za plastiki, ambazo hazihitaji kuanikwa wala kuloweshwa, na mikeka yake inadumu?

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Na wewe uliyeandika kutoka Pemba, na wewe wa Kitui, nawashukuruni. Hilo la kununuliwa uzi wa dukani nitalisimulia kwenye kikundi chetu.

Nianze na la mwanamume. Ukili hapa kwetu ni kazi ya wanawake kwa mazoea, lakini mikono ya wanaume imesuka siku zote: madema ya wavuvi yamesukwa na wanaume, na matenga pia. Katika kikundi chetu kuna kijana mmoja, na Bibi humsifu kwa kuchana kuliko sisi sote. Nenda na mtu anayewafahamu, amkia wakubwa, kaa unapoonyeshwa, na usipige picha mpaka uruhusiwe. Hakuna atakayekufukuza.

Kuhusu mjini, nunua ukindu ambao haujachanwa, si chane. Uulize umekatwa lini na umeanikwa siku ngapi. Muuzaji asiyejua kujibu, mwache, tafuta mwingine. Ukiwa na fungu moja, kisu kidogo na kitambaa chenye unyevu, unaweza kuchana kwenye baraza la nyumba yenu jioni zote za mwezi. Unapokuwa na chane zako mwenyewe, ndipo umtafute wa kukuonyesha kusuka. Akiona umekuja na chane ulizochana wewe, atakufundisha kwa moyo. Sindano ya shazia ya kushonea utaihitaji mwisho kabisa, usiinunue sasa.

Na iwapo kuna ndugu yako Iringa, muulize kuhusu milulu, nyasi ambazo akina mama wa Kihehe husukia vikapu vinavyojulikana nchi nzima. Siwezi kukufundisha hiyo, mikono yangu haiijui.

La plastiki nalijibu kwa uzito kwa sababu umeuliza kwa adabu. Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, nao ulijulikana kwamba utachakaa. Ukichakaa hutandikwa uani, kisha huoza na kurudi ardhini, na mkindu upo unaotoa majani mengine. Mkeka wa plastiki haukunjiki vizuri baada ya miaka michache, nyuzi zake hukatika kwa jua na kutapakaa uani, na hauozi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tumeyakubali yote hayo kwa mfuko wa sokoni. Sioni sababu ya kuirudisha plastiki hiyo hiyo kwa mlango wa ususi, tena katika darasa ambalo watu wamekuja kujifunza majani. Anayetaka kuitumia kwa biashara yake sitamzuia, ila ajue kwamba vidole vyake havitajifunza kuchagua, kwa maana kamba zote ni sawa.

Mchangiaji kutoka Tanga

Dada, nimekufuata tangu mwanzo bila kuandika. Nakubaliana nawe kwa mengi, ila napingana na jambo moja. Mwanafunzi akiwekwa wiki sita kwenye kuchana bila kuona kitu kilichokamilika, wengi wataondoka, na miongoni mwa watakaoondoka kutakuwamo wenye vipaji. Sisi hapa tunawapa chane chache zilizo tayari wasuke kipepeo cha kupepea, kitu kidogo cha siku mbili, ili wapate cha kuonyesha nyumbani. Baada ya hapo tunawarudisha kwenye jani. Watoto wa shule hasa hawawezi kusubiri.

Mleta uzi

Umenisahihisha, na ninalipokea. Kwa watoto, kipepeo kwanza ni busara. Kwa watu wazima bado nina shaka, kwa sababu mimi nilipewa kitanga kilichokamilika, nikaamini nimejua, na imani hiyo ilinichelewesha mwaka mzima. Pengine tofauti iko hapo uliposema mnawarudisha kwenye jani. Sisi hatukurudishwa. Tulipewa cheti.

Nitamwomba Bibi tujaribu njia yenu kwa wanafunzi wapya watatu wanaoingia baada ya Ramadhani, nami nitaeleza hapa yatakayotokea. Jumamosi hii hatusuki, tunakwenda kukata, na jua likituruhusu tutaanza kuchana katikati ya wiki. Mmoja wenu ameniuliza faraghani kama mkeka wangu umekamilika. Nimefika pima 19 zilizokubaliwa na kidole cha Bibi, zimebaki nne.